Siku Nilipomwita Athieno Pale Forodhani

Ukija Busia, upande wetu wa Uganda, ukauliza Wandera anakaa wapi, utazungushwa mpaka jua lichwe, maana akina Wandera hapa tumejaa, lakini ukiuliza Umekula anakaa wapi, hata mwendesha baiskeli aliyeanza kazi jana atakupakia na kukufikisha mlangoni kwangu, tena njiani atakusimulia kisa chenyewe na kukitia chumvi. Basi afadhali mkisikie kwangu mimi mwenye aibu yangu. Jina hilo sikupewa na baba, nilijipatia mwenyewe mchana kweupe pale forodhani, mbele ya madereva wa malori, wabadilisha fedha na akina mama wa nyanya, na mpaka leo nikilikumbuka jambo lile, hata nikiwa peke yangu (na mimi niko peke yangu karibu siku zote), najifunika uso kwa mikono.

Kazi yangu ni kuchapa. Nina dirisha dogo karibu na ofisi za mawakala wa forodha, nakaa mbele ya mashine ya tajiri wangu na kuwachapia watu karatasi zao za kuvusha mizigo. Mtu anainama dirishani, anataja alichobeba, nachapa, anachukua, anaenda. Wananijua vidole tu. Nimeifanya kazi hii miaka mingi na sikumbuki hata mmoja aliyewahi kuniuliza nikifunga dirisha naelekea wapi.

Naelekea nyumbani, njia ya kwenda Buteba, na huko nyumbani nina kompyuta yangu mwenyewe, ya zamani, yenye skrini ile ya chogo ambayo ukishaiweka mezani hupati tena pa kuweka kikombe, na mfumo wake ni wa zamani vilevile, walioutengeneza walishaacha kuushughulikia. Tuliinunua mke wangu Athieno akiwa hai. Athieno alikuwa mtu wa Petta, kule Tororo, mwanamke wa maneno machache lakini kila moja lilifika, na alikuwa na ugomvi mmoja tu na mimi, kwamba nikirudi kazini nakwenda moja kwa moja kwenye kompyuta kucheza karata na chakula kinapoa mezani. Siku moja akamwita binti yetu Nekesa, aliyekuwa amefundishwa kompyuta shuleni, akamwambia amrekodi sauti, kisha aiweke mahali ambapo kila nikiwasha mashine itatoka. Jioni nikawasha, nikasikia:

"Baba Nekesa, umerudi? Umekula? Usinidanganye, sufuria nimeona."

Halafu kimya. Kimya hicho kilitokea kwa sababu Nekesa alichelewa kubonyeza pa kukatia, na Athieno alikuwa bado ameinama pale anangoja, unamsikia anapumua, unasikia na kuku wake uani, ndipo inakatika. Tulicheka siku ile mpaka tukashika mbavu, na mimi nikaenda kula.

Sasa Athieno alikufa. Aliugua muda mfupi, tukamzika, watu wakala matanga wakaondoka, na Nekesa akapata kazi Uarabuni akaondoka naye. Nikabaki na mashine. Kila jioni nafungua kufuli, nawasha kompyuta kabla hata sijawasha taa, naulizwa kama nimekula, na katika kile kimya najibu, "Nimekula." (Mara nyingi ni uongo. Nani asonge ugali wa mtu mmoja?) Hiyo ndiyo iliyokuwa nyumba yangu, nawaomba msinicheke bado, pa kuchekea panakuja.

Chanzo cha yote ni Nekesa kunipigia akasema, "Baba, sauti tu hainitoshi, nataka nikuone, nijue kama umekonda." Simu yangu ni ile ya tochi, haionyeshi mtu, nikamwambia usiwe na wasiwasi, kompyuta ipo. Nikafungua ukurasa alionielekeza, ukaniambia kivinjari chako kimepitwa na wakati. Nikataka kusasisha kivinjari, kikaniambia mfumo wako ndio uliopitwa na wakati. Nikaomba masasisho ya mfumo, ukazunguka, ukazunguka, ukasema imeshindikana. Mmewahi kutumwa ofisi hadi ofisi, kila karani anakwambia anza kwa mwenzangu? Ndivyo ilivyokuwa, na bando langu likaishia hapo hapo.

Sasa ng'ambo, Busia ya Kenya, kuna fundi mmoja anaitwa Barasa, kijana mwenye duka la kutengeneza kompyuta, na dukani kwake ana intaneti ya waya isiyoisha. Nikasema nitampelekea. Asubuhi nikaivika mashine blanketi la kitandani kwangu, lile la maua ya waridi (sikuwa na jingine), nikatafuta mwendesha baiskeli, sanduku lenyewe pamoja na kipanya chake tukalifunga nyuma, spika nikaziingiza mfukoni, na ile skrini ya chogo nikaipakata kama mtoto mgonjwa, nikatembea nyuma ya baiskeli. Tukapita mpakani pamoja na umati wa asubuhi na hakuna aliyetuuliza kitu.

Hapo ndugu zangu mnione vizuri. Mimi, ambaye riziki yangu ni kuwachapia watu karatasi, ambaye kila siku namwambia huyu na yule, "Ukitoka na kitu chako kwenda kukitengeneza ng'ambo, kiandikishe kwanza, usije ukarudi nacho kikaonekana kigeni," mimi huyo huyo sikujiandikia hata mstari mmoja. Kinyozi hajinyoi. Na sisi watu wa mpakani tuna ugonjwa huo, ng'ambo tunaiona ni uani kwa jirani, mtu anavuka kwenda kununua chumvi na kandambili miguuni.

Fundi Barasa alipolifunua blanketi alitabasamu kwa adabu. "Mzee wangu, hii kitu ni ya kitambo, lakini tutaisukuma tu." Akaiwasha bila spika (spika nilikuwa nazo mfukoni na sikuzitoa), akabonyezabonyeza, akatikisa kichwa. "Unaona, shida si intaneti. Hii mashine iko na vyeti vya zamani. Ikienda kubisha hodi kwa wenye apdeti, wanaiambia hatukujui. Sasa lazima niipatie cheti kipya na mkono, kwa flashi, ndio wafungue mlango."

Kabla hajaanza akaniuliza, "Kuna kitu cha maana humu ndani nikuwekee kando? Hizi apdeti zikija zote pamoja zinaweza kurudisha vitu vile vilitoka kiwandani."

Na hapa ndipo nilipojichimbia shimo. Dukani walikuwemo vijana wawili watatu wanachaji simu. Nikawaza, nimwambieje huyu kijana? Kwamba kuna sauti ya marehemu mke wangu ananiuliza kama nimekula? Na mimi huwa namjibu? Nikaona haya. Nikasema, "Hakuna kitu."

"Kabisa?"

"Kabisa. Michezo tu ya karata."

Neno dogo tu, lakini ndilo lililozaa mengine yote. Fundi akachomeka flashi, akaweka hiki na kile, na kweli mlango ukafunguka, masasisho yakaanza kumiminika, ya miaka yote ambayo mashine ilikuwa imelala usingizi. Nikakaa kwenye benchi nikiyatazama. Wateja waliingia wakatoka, mchana ukapita, fundi akaagiza chapati na maharagwe akanikaribisha, nikamwambia, "Nimekula." (Uongo huo umeshanizoea, unatoka wenyewe.) Jua likaanza kulegea na kazi bado.

"Mzee, wacha ilale hapa," fundi akasema. "Iko na mambo mengi bado. Kuja kesho."

Nikaifikiria nyumba. Nikafikiria kufungua kufuli na kuingia mle ndani bila kuulizwa kitu, usiku mzima mpaka asubuhi. Nikamwambia hapana, naenda nayo. Akaniangalia, akafikiri labda namshuku kuwa mwizi, akaizima taratibu na kunionya kwamba nikiiwasha itaendelea na kazi yake, nisiizime katikati. Nikaifunga blanketi, nikapata mwendesha baiskeli mwingine, tukaanza safari ya kurudi.

Pale forodhani zamu ilikuwa imebadilika. Alisimama askari mmoja wa kike, mgeni, sare zake bado zina mikunjo ya pasi.

"Mzee, simama hapo. Nini hii umefunga na blanketi?"

"Ni kompyuta yangu, afande."

"Unatoka nayo wapi?"

"Kwa fundi, ng'ambo."

"Karatasi ya kutoka nayo asubuhi iko wapi?"

Nikapapasa mifukoni (kwa nini nilipapasa sijui, karatasi haikuwapo na nilijua haipo), nikatoa spika mbili na kitambaa. Watu wa nyuma yangu wakaanza kusogea. Yule wa baiskeli akashusha sanduku chini, akadai chake, akaondoka zake.

"Kompyuta ya zamani kutoka ng'ambo haiingii hivi hivi," askari akasema, wala si kwa ubaya. "Kila mtu nasema ni yake. Nani nakujua hapa?"

Nikageuka. Mama mmoja wa nyanya akaniangalia vizuri, akasema, "Huyu? Huyu ni wa kuchapa, pale dirishani."

"Sawa. Hii kompyuta, umeona nyumbani kwake?"

"Aa, nyumbani kwake sijafika."

Mbadilisha fedha mmoja akasema hajafika. Dereva wa lori niliyemchapia karatasi wiki hiyo hiyo akasema yeye hata jina langu halijui. Na mimi nimesimama pale na skrini mikononi, natafuta kichwani mtu mmoja tu, mmoja, aliyeingia nyumbani kwangu tangu matanga ya Athieno, aje aseme ameiona mezani. Sikumpata. Nilikuwa sijawahi kuhesabu jambo hilo, na sikupenda kulihesabia pale mbele za watu.

Ndipo mdomo ukaniponyoka. Nikasema kwa sauti, "Afande, hii kompyuta yenyewe inanijua. Iwashe, itaniita."

"Itakuita?"

"Itaniita. Na itaniuliza swali."

Eh! Mambo kama hayo hayasemwi forodhani. Madereva walikuwa na saa nyingi za kungoja na hawakuwa na la kufanya, wakaja wote. Mtu akaleta kiti, mwingine akavuta waya kutoka verandani, mashine ikawekwa juu ya meza ya kukagulia mizigo, blanketi langu la maua likatundikwa kwenye nguzo kila mtu alione, nikachomeka spika, nikabonyeza.

Ikaandika kwamba inasakinisha masasisho, usizime kompyuta. Tukangoja. Asilimia ikapanda kidogo, ikasimama. Tukangoja. Dereva mmoja Mkenya akauliza, "Mzee, kwani inaomba kwanza?" Ikajizima yenyewe, watu wakaguna, ikawaka tena, ikaandika yale yale. "Imerudi kuchukua koti," akasema mwingine. Mama wa nyanya akageuza ndoo akakaa juu yake. Mimi nilikuwa nimesimama wima kama bwana harusi, najifanya mambo yote yanakwenda nilivyopanga, jasho linanitiririka mgongoni.

Mwishowe skrini ikawa ya bluu, ikafunguka, na spika zikatoa ule muziki mfupi wa kiwandani, tirririn, ule ambao kila kompyuta duniani huutoa.

Halafu basi.

"Imekuita?" askari akauliza.

"Bado, afande. Inakuja."

Nikaongeza sauti ya spika. Kimya. Nikaongeza mpaka mwisho. Zikawa zinanguruma tu. "Labda imesahau jina," dereva akasema, "nayo ni mzee." Wakacheka. Na mimi hapo sikuwa nawaza tena juu ya forodha wala karatasi, wangeichukua mashine wakaitupa mtoni, kilichonijia ni kwamba nimesema "hakuna kitu" pale dukani na kweli sasa hakuna kitu, nimemfuta, kwa kinywa changu mwenyewe, kwa ajili ya kuwaonea haya vijana wanaochaji simu. Nikaipiga meza kwa kiganja. Nikaiinamia ile mashine na nikasikia sauti yangu inatoka kubwa kuliko nilivyokusudia:

"Athieno! Athieno, sema! Athieno!"

Soko zima liligeuka. Mama wa nyanya akainuka kutoka kwenye ndoo yake. "Athieno ni nani?"

"Mke wangu."

"Yuko ndani ya kompyuta?" dereva akauliza, na kicheko kikalipuka mpaka kule kwenye foleni ya malori.

"Alikufa," nikasema.

Waliokuwa karibu wakanyamaza. Wa nyuma hawakusikia, wakaendelea kucheka, na hiyo ndiyo sauti ninayoisikia mpaka leo nikijifunika uso.

Yule askari akanisogezea kiti. Akasema polepole, kwa sauti ambayo hakuwa ameitumia mwanzo, "Kaa, mzee. Tafuta pole pole." Nikakaa. Vidole vyangu, vinavyojulikana mji mzima, havikuweza kushika kipanya. Nikafungua hapa na pale, nikakuta michezo ya karata, nikakuta picha za Nekesa za shule, na chini kabisa, katika kifuko ambacho sikuwahi kukifungua kwa sababu sikuwahi kuhitaji, nikakuta faili Nekesa aliloliandika "sauti ya mama". Masasisho hayakumfuta. Yalikuwa yameondoa tu ile amri ya kumtoa mashine ikiwaka. Nikabonyeza, nimesahau kabisa kwamba spika ziko mwisho.

"BABA NEKESA, UMERUDI? UMEKULA? USINIDANGANYE, SUFURIA NIMEONA."

Nawaambia, hata malori yalisikia. Kisha kikaja kile kimya. Athieno akapumua pale forodhani, kuku wake akalia, na umati wote ukatulia, hakuna aliyekohoa. Nikafungua mdomo nijibu kama kawaida yangu. Na kabla sijajibu, dereva mmoja huko nyuma akapaza sauti:

"Bado, mama! Tuko na njaa!"

Watu wakaangua kicheko, askari naye akageuka pembeni akiziba mdomo, mama wa nyanya akawa anapangusa machozi kwa kanga, sijui ya kucheka au ya nini. Na mimi nikacheka, ungefanyaje? Lakini niwaambie ukweli, iliniuma kuliko yote ya siku ile. Kimya kile kilikuwa changu. Sikuwahi kukigawana na mtu.

"Pita, mzee," askari akasema. "Nimeamini ni yako. Karatasi ulete kesho, utachapa mwenyewe." Nikaanza kuifunga mashine, na akaongeza, "Lakini kweli, umekula?" Nikageuka nimjibu, nikakuta ameshaitwa kwenye lori jingine.

Mkitaka kujua kuhusu Nekesa, masasisho yalisaidia. Jumapili alinielekeza kwa simu mpaka ukurasa ukafunguka, nikamwona, amevaa kitambaa cha kichwa, amekua mtu mzima, nikafurahi nikawa natikisa kichwa kama mjusi. Yeye akasema, "Baba, mbona naona giza? Uko hapo?" Kumbe kompyuta yangu haina kamera. Haikuwahi kuwa nayo, na katika mahangaiko yote yale hakuna siku niliyolifikiria hilo. "Niko," nikamwambia. Kisha akanielekeza jinsi ya kumrudisha mama yake mahali pake.

Siku hizi nikipita sokoni naitwa kila upande. Mzee Umekula! Umekula leo? Mwanzoni nilifurahi, nikasema sasa nimepata watu. Lakini wanauliza huku wanapita, kabla sijajibu nimeshaona mgongo. Siwalaumu, mji wa mpakani ni wa kupita. Mimi nimeapa kwamba sitatoka tena na kitu bila karatasi, na ile mashine ikinitangazia masasisho mapya nabonyeza "baadaye", na fundi yeyote akiniuliza kuna kitu gani humu ndani, nitamwambia, hata kama duka limejaa.

Na jioni nikifika nawasha kompyuta kabla ya taa, kama zamani. Ananiuliza. Kinakuja kile kimya, anapumua, anangoja. Nimeacha kumdanganya. Nasema, "Bado." Kuku analia, inakatika, nami nainuka kwenda kuwasha jiko.